Kobe wa Maji Mchanga na Mboga za Majani: Yaliyotupata Nyumbani Kwetu



Ijumaa moja mwezi uliopita, baada ya sala, mzazi mmoja alitusimamisha penye viatu akatuuliza swali ambalo hatukulitarajia mahali pale. Wanawe wamepewa kobe wawili wadogo wa maji, kila mmoja si mkubwa kuliko biskuti, na kila wanapotiliwa jani la mboga hulipita kana kwamba ni jiwe. Afanyeje? Tulimjibu kwa ufupi kwa kuwa watu walikuwa wakitoka na mlango ulikuwa umebana, lakini njiani tulitanabahi kwamba hii ni nyumba ya tatu ya watu wetu kutuuliza jambo hilo hilo mwaka huu, na kwamba sisi wenyewe tulilijua baada ya kulipa gharama yake. Basi tumeona ni vyema kuliandika.

Kwanza jina. Kwetu pwani yule wa baharini ni kasa, na yule wa nchi kavu ni kobe. Huyu wanaopewa watoto wetu huku Marekani si huyu wala si yule: huogelea kama kasa, lakini miguu yake ina vidole na kucha, na mara kwa mara hupanda juu ya jiwe kuota jua. Nyumbani kwetu bibi humwita kasa, watoto humwita kobe, na ubishi huo haujamalizika hata leo. Sisi hapa tutamwita kobe wa maji. Aliye mashuhuri kuliko wote ni yule mwenye mstari mwekundu nyuma ya jicho, ambaye wataalamu humwita Trachemys scripta elegans. Asili yake ni bonde la mto Mississippi, humu humu Marekani, kushuka mpaka Ghuba ya Mexico.

Wetu tuliwapata kiangazi cha mwaka 2022, tulipokwenda na watoto kupumzika ufukweni. Kando ya njia palikuwa na kibanda kinachouza visanduku vya plastiki vyenye maji kidogo, kisiwa kidogo katikati, na mnazi wa plastiki uliotuchekesha sana sisi watu wa minazi. Mwenye kibanda alisema anauza kisanduku tu; kobe ni zawadi. Hatukujua wakati ule kwa nini alizungumza hivyo. Baadaye tulifahamu kwamba tangu mwaka 1975 sheria ya nchi hii inakataza kuuza kobe ambaye gamba lake halijafikia inchi 4, yaani kama sentimita 10, kwa sababu ya maradhi ambayo watoto wadogo huyapata kwao, na kwamba neno "zawadi" lilikuwa ndiyo njia yake ya kuzunguka sheria. Alitupa na kikopo cha uduvi mkavu, akasema hicho ndicho chakula chao, hawahitaji kingine.

Watoto waliwapa majina ya visiwa vilivyoko mbele ya mji wa Unguja, Chumbe na Bawe. Kwa miezi kadhaa mambo yalikwenda vizuri, au sisi tulidhani hivyo. Uduvi ulipotiwa majini waliurukia kwa pupa iliyowafurahisha watoto. Mara moja moja tulitupa kipande cha saladi. Kikaelea mpaka kikalainika, tukakitoa. Tukasema hawa hawapendi majani, na kila kiumbe na riziki yake.

Baridi ilipoingia, macho ya Chumbe yakaanza kuvimba. Kope zilifura zikafunga, akawa haoni chakula, na asiyeona chakula hali. Tulidhani amelala kwa ajili ya baridi, kama tulivyosikia kwamba kobe hulala. Mwezi wa Januari 2023 tuliamka alfajiri tukamkuta amekufa. Ardhi ya nje ilikuwa imeganda hata jembe halikuingia, ikabidi tungoje siku mbili ndipo tupate pa kumfukia. Binti yetu, ambaye alikuwa na umri wa miaka 8, alitoka madrasa jioni ile akauliza mbele ya wote: je, sisi ni kama yule mwanamke aliyemfunga paka, asimlishe wala asimwache ajitafutie wadudu wa ardhini? Wazazi mnakijua kisa hicho, na mnajua mwisho wake. Hatukuwa na jibu lililotutosheleza hata sisi wenyewe. Kumlisha tulimlisha. Lakini tulimfungia mahali asipoweza kujitafutia, kisha tukampa kitu kimoja tu kila siku.

Wiki ile ile jicho moja la Bawe nalo likaanza kufura. Hapo tukampeleka kwa daktari wa wanyama anayewajua viumbe wa jinsi hii, maana si kila daktari wa paka na mbwa anawajua, na ni vizuri kuuliza kwa simu kabla ya kufunga safari.

Swali lake la kwanza lilikuwa juu ya chakula, na tulipomtajia uduvi alitikisa kichwa kabla hatujamaliza. Alitueleza kwamba uduvi mkavu una utomvu wa protini lakini ni maskini wa vitamini A na wa madini ya chokaa yanayojenga gamba. Kobe aliyekosa vitamini A, ngozi laini ya ndani ya macho yake huwa ngumu, tezi za machozi huziba na kufura, na baadhi yao hutokwa na majipu ya masikioni. Gamba nalo, likikosa chokaa, hulainika mpaka likabonyea kwa kidole. Bawe alipigwa sindano, tukaagizwa turudi. Daktari alituonya pia tusikimbilie kununua matone ya vitamini dukani na kumtilia wenyewe, kwani vitamini A ikizidi nayo ni sumu, na ngozi ya kobe huchubuka vipande vipande. Dawa ya kudumu, alisema, iko katika mboga za majani na mboga za rangi ya machungwa, ambazo mwili wa kobe huzitumia kujitengenezea vitamini hiyo.

Tukamwambia: lakini hawali majani!

Jibu lake ndilo lililotufungua macho. Kobe wa maji akiwa mchanga ni mla nyama kwa maumbile. Huko mtoni huwinda wadudu, viluwiluwi, konokono na visamaki, kwa kuwa mwili unaokua unataka protini nyingi. Kadiri anavyokua ndivyo anavyoyaelekea majani, hata akiwa mtu mzima sehemu kubwa ya chakula chake huwa mimea. Kwa hiyo mtoto wa kobe anayekataa mboga hana ukaidi wala ugonjwa. Umri wake haujafika. Jambo hili liliwashangaza watoto wetu, kwa sababu kobe wanaowajua kwa hadithi za babu yao ni wale wakubwa wa kisiwa cha Changuu, Unguja, ambao wazee wao wanne waliletwa kutoka Shelisheli mwaka 1919, na ambao hula majani na wageni huwalisha kwa mkono. Wale ni kobe wa nchi kavu, na majani wanayala tangu udogoni. Kumtarajia kobe mchanga wa maji afanye kama wao ni kumtarajia mtoto wa paka ale nyasi kwa sababu mbuzi anakula.

Hata hivyo mkisubiri mpaka akue ndipo mumpe mboga, mwaweza kuwa mmechelewa, kama tulivyochelewa sisi kwa Chumbe. Huko mtoni yule mchanga hula windo zima na vilivyomo tumboni mwake, na hupita kila siku katikati ya mimea akaionja. Katika sanduku la kioo ataonja kile tu tutakachomtilia. Kazi yetu basi ni mbili kwa pamoja: kumpa chakula cha vidonge kilichotengenezwa kwa ajili ya kobe wa maji, ambacho kina vitamini na madini yake, na kumwekea mboga mbele yake kila siku pasipo kukata tamaa.

Tuanze na joto, maana hapa ndipo nyumba nyingi zinapokosea, na yetu ilikuwa miongoni mwao. Kobe hana joto la mwili wake mwenyewe. Akiwa katika maji ya baridi tumbo lake halisagi chakula na hamu humwondoka. Maji ya kobe mchanga yawe kati ya nyuzi 24 na 27 za Selsiasi, yaani 75 hadi 80 kwa vipimo vya hapa, na mahali pake pa kuotea jua pafikie nyuzi 30 au zaidi kidogo. Nunueni kipimajoto, kidole hakitoshi. Zaidi ya hayo yahitajika taa maalumu inayotoa miale ya jua iitwayo UVB, kwani bila miale hiyo mwili hauwezi kuitumia chokaa hata ikiwa tele. Sisi tulikuwa tumeliweka sanduku dirishani tukijipongeza kwamba wanapata jua. Kumbe kioo cha dirisha huizuia miale hiyo hiyo wanayoihitaji.

Baada ya joto, wakati. Kobe huamka na njaa. Tulizoea kumtilia mboga asubuhi, mara baada ya watoto kusali na kabla ya basi la shule, na vidonge tukaviacha mpaka jioni. Kiasi cha vidonge kwa siku kisizidi ukubwa wa kichwa chake. Kobe mdogo aliyeshibishwa vidonge hana sababu ya kulitazama jani. Aliye mzima aweza kunyimwa vidonge siku moja hata mbili, akaachiwa mboga peke yake. Mgonjwa asinyimwe kitu. Siku tulipoanza mpango huu ilikuwa Ramadhani, na mwanetu mdogo wa kiume aliuliza kwa makini kabisa kama Bawe naye amefunga, na kama amefunga, mbona ana mboga mdomoni. (Hakuwa nayo mdomoni. Ilikuwa imemganda kichwani.)

Kisha mwendo. Macho ya kobe mchanga hutafuta kinachocheza. Jani lililolala juu ya maji kwake ni kama halipo. Likateni jembamba kama uzi, mlishike kwa koleo dogo la plastiki, mlitikisetikise mbele yake kama mdudu anayekimbia. Msilishike kwa vidole, maana hung'ata, na kwa sababu nyingine tutakayoitaja. Anapenda pia rangi nyekundu na ya machungwa, kwa hiyo karoti iliyokunwa hukubalika upesi kuliko jani la kijani. Mwanzo mzuri ni kuchanganya uzi wa karoti na uzi wa jani, ili akirukia kimoja ameze vyote viwili. Wala msimpe chakula nje ya maji mkidhani mnamsaidia: kobe huyu hawezi kumeza vizuri mpaka kichwa chake kiwe majini.

Harufu nayo ina kazi yake. Tulikuwa tukichovya mboga katika maji ya samaki wa kopo asiye na chumvi wala mafuta, tukaitia ikiwa imelowa. Hapo ndipo Bawe alipong'ata jani kwa mara ya kwanza, siku ya 19 tangu tuanze, akalitema. Siku ya 20 akalitema tena. Watoto walihuzunika, lakini sisi tuliona ni heri, kwa kuwa anayetema amekwisha kuonja. Mboga iliyobaki itolewe kabla haijaoza, maana maji yakichafuka macho huuma upya.

Tufikie sasa lile lililotusaidia kuliko yote, ambalo ni faluda. Msicheke. Wafugaji wengi wa hapa huchanganya mboga na vidonge vilivyosagwa, wakavigandisha kwa jelatini. Sisi jelatini ya madukani hatukuipenda, kwa kuwa nyingi hutokana na nguruwe, na ingawa mlaji ni kobe, sufuria ni letu. Bibi ndiye aliyesema: si muigandishe kwa ule mwani wa faluda? Basi tulichemsha maji na china grasi mpaka ikayeyuka yote, tukaiacha ipoe iwe ya vuguvugu, tukatia majani yaliyokatwa madogo sana, karoti na boga la kukunwa, na vidonge vilivyotwangwa. Sukari, maziwa na iliki hazihusiki. Maziwa kobe hawezi kuyasaga. Ikishaganda hukatwa vipande vidogo kama punje za mahindi. Tena china grasi ina fadhila moja juu ya jelatini: hailainiki katika maji ya moto wa kobe, hivyo kipande hubaki kizima na maji hayachafuki. Wiki ya kwanza nusu nzima ya mchanganyiko ilikuwa vidonge. Kila wiki tulivipunguza, mboga tukaiongeza, na Bawe hakutambua hila yetu, au alitambua akatusamehe.

Mboga gani? Bora kuliko zote kwetu ilikuwa ile ambayo Wakenya huiita sukuma wiki. Madukani humu huuzwa kwa jina jingine katika vitita vikubwa, hasa kwenye mitaa ya Wamarekani Weusi, ambao nao huipika sana. Majani ya haradali na ya tanipu ni mazuri vilevile, pamoja na saladi ile ndefu ya kijani kibichi. Saladi ya mviringo iliyo nyeupe ndani ni maji matupu. Wakati wa machipuo kuna yale majani ya ua la manjano linaloota kila uwanja, ambalo baadaye hugeuka kuwa unyoya na watoto hulipuliza. Kobe huyapenda, ila yachumwe mahali msipo na shaka kwamba hapakumwagwa dawa. Mchicha na spinachi zina asidi inayoishika chokaa isitumike mwilini, basi ziwe mara moja moja. Watoto wetu walitaka kumjaribisha kisamvu kilichokuwa ndani ya friza. Hapana! Kisamvu kibichi kina sumu, ndiyo maana mama zetu hukitwanga na kukichemsha muda mrefu. Wali, mkate na nyama ya kusaga pia si chakula chake. Kwa ajili ya chokaa, tieni majini kipande cha ule mfupa mweupe wa ngisi unaouzwa kwa wafuga ndege, atautafuna atakapo.

Maduka ya samaki wa mapambo huuza pia mimea hai ya majini, pamoja na yale majani madogo sana yaeleayo ambayo bata huyapenda. Hiyo ndiyo njia isiyo na jasho, kwani mmea unabaki mle na kobe huuchuma atakapo.

Sasa ile sababu nyingine ya kutotumia vidole. Kobe aweza kuwa mzima kabisa kwa macho na huku amebeba vijidudu vya salmonela, ambavyo humharishia mtoto mdogo hata kumhatarisha. Wakuu wa afya wa nchi hii husema wazi kwamba kobe hafai katika nyumba yenye mtoto aliye chini ya miaka 5, au mzee aliyetimiza miaka 65, au mtu ambaye kinga ya mwili wake ni dhaifu. Sisi tulikuwa na mtoto wa kunyonya na bibi wa miaka 71 chini ya dari moja na Bawe, na hatukujua. Tulikuwa tukimwaga maji yake katika sinki lile lile tunamooshea mchele. Siku daktari wa watoto alipotuuliza kama tuna mnyama mwenye magamba nyumbani, tuliona haya kujibu.

Wenye kobe tayari, na wasio na mtoto mdogo wala mzee, wawe na ndoo yake, kisu chake na ubao wake. Maji yake yamwagwe chooni, wala si jikoni wala mnapotawadhia. Mikono ioshwe kwa sabuni kila anapoguswa yeye au sanduku lake, na watoto wakatazwe kumbusu.

Ama kumwacha katika bwawa la karibu, tafadhali msifanye. Tunajua linasemwa kwa nia njema, kwamba tumempa uhuru wake. Lakini kobe huyu, kwa kuachwa ovyo sehemu nyingi za dunia, amewapokonya wenyeji wa mabwawa chakula na mahali pa kuotea jua, hata Umoja wa Ulaya ukazuia kuingizwa kwake mwaka 1997. Na aliyelelewa ndani haijui baridi ya huku. Isitoshe, kabla ya kumchukua jueni kwamba biskuti ile hukua ikawa sahani ya kulia, na kwamba akitunzwa vyema huishi miaka 20, 30 na zaidi. Yaani mtamwoza binti naye angali hai.

Bawe hakuachwa bwawani. Mwezi wa Mei 2023 tulimhamishia kwa jamaa zetu wa msikitini ambao mtoto wao mdogo alikuwa na miaka 14, na sanduku lake kubwa tukalinunua kwa pamoja. Wetu walilia. Lakini makubaliano yalikuwa kwamba kila Jumamosi, baada ya madrasa, binti yetu apite pale na mfuko wa mboga, na hajakosa isipokuwa akiwa mgonjwa au theluji ikizidi. Jicho la Bawe lilipona kabisa. Tumekwisha kujua kuwa ni jike, kwa kuwa kucha zake za mbele ni fupi, na madume huwa nazo ndefu. Gamba lake sasa lina sentimita 16. Vidonge anapewa mara chache, na faluda haihitaji tena. Jumamosi iliyopita alivuta jani zima la sukuma wiki kutoka mkononi mwa koleo, akazama nalo, na baada ya nusu saa kilichoelea kilikuwa mshipa wa katikati peke yake.